Mtihani wa Kazi ya Serikali: Alama Zako Zinakwenda Wapi?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa faida ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Nimeombwa niseme juu ya mitihani ya kazi za Serikali. Katibu wetu aliponijia alisema kwamba vijana wetu wanauliza, na hata sisi tulio kazini twauliza: Mitihani hii inaendeshwa namna gani? Nani hutunga maswali, na nani husahihisha? Na kwa nini mtu hupita, kisha asiitwe? Swali hilo la mwisho ndilo lililonileta hapa, na nitakaa nalo zaidi kuliko mengine.

Kwanza nitoe kisa changu, msije mkadhani amekuja mwalimu asiyepata kuanguka. Nilikuwa karani katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Mwaka 2004 nikafanya mtihani wa kupandia daraja. Karatasi ilisema, "Jibu maswali manne tu." Maswali yalikuwa sita. Mimi nikawaza: nikijibu yote sita nitaonekana hodari. Basi nikajibu sita, kila moja nusunusu. Nikaanguka, tena vibaya sana. Msahihishaji hapimi jasho lako. Alisoma manne ya kwanza, yaliyobaki akayapiga mstari.

Mwaka uliofuata nikarudi, nikajibu manne, nikapita. Barua ya matokeo ikaja ofisini, ikatiwa ndani ya faili, na faili likatiwa kabatini. Likakaa humo miezi kumi na minne. Wenzangu wawili tuliofanya pamoja walikwisha pandishwa, nami nikaanza kuamini kwamba kupita kwangu kulikuwa kwa namna fulani ya chini. Niliona haya kuuliza. Siku moja mweka hazina wa tawi letu akaniambia, "Wewe umeiona barua yako kwa macho yako?" Sikuwa nimeiona. Alikwenda naye akauliza, na faili likapatikana kwa muda wa nusu saa. Tofauti ya mshahara ya miezi ile yote tuliidai. Tulipata ya miezi sita.

Kwa hiyo nisemapo kwamba kupita mtihani ni jambo moja na kupata kazi ni jambo jingine, sisemi maneno ya kitabuni.

Sasa mitihani hii ilitoka wapi? Sisi tuliipata kwa Waingereza. Zamani huko kwao kazi ya Serikali ilikuwa kama zawadi. Bwana mkubwa alimwandikia bwana mkubwa mwenzake, na mtoto wake akaingia ofisini hata kama hajui kujumlisha. Mwaka 1854 watu wawili, Northcote na Trevelyan, walitoa taarifa wakasema watu wachaguliwe kwa mtihani wa mashindano. Mwaka 1855 ikaundwa Tume ya kuangalia jambo hilo, na mwaka 1870 mashindano ya wazi yakaenea katika ofisi nyingi zaidi.

Lakini angalieni namna walivyolipeleka jambo hilo ng'ambo. Kwa India walisema tangu 1855 kwamba mtu ye yote aweza kushindania kazi kubwa za utawala. Mlango ulikuwa wazi, ila mlango wenyewe ulikuwa London. Mhindi alipaswa kwanza kupata nauli ya meli, avuke bahari, asome huko, ndipo afanye mtihani. Wa kwanza kupita alikuwa Satyendranath Tagore, mwaka 1863. Mtihani ule haukuanza kufanywa katika India yenyewe mpaka mwaka 1922. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Na huku Afrika hata hilo halikuwako. Mabwana Shauri waliokuja kututawala hawakuchaguliwa kwa mtihani wa kuandika. Walichaguliwa kwa mazungumzo katika Ofisi ya Makoloni, na kwa miaka mingi aliyeshika kazi hiyo aliitwa Ralph Furse. Alitazama shule aliyosoma kijana, namna anavyosimama, barua za waliomjua, na michezo aliyocheza. Mtihani aliukuta baada ya kufika huku: mtihani wa sheria na mtihani wa Kiswahili. Wazee wengine wa hapa walipata kuwafundisha maneno ya kujibia mtihani huo, na nadhani baadhi yao wangaliutunga vizuri zaidi kuliko waliokuwa wakiutunga.

Na Mwafrika aliyefaulu? Mshahara ulikwenda kwa rangi. Taarifa ya Holmes ya mwaka 1948 ilikubali kwamba asiye Mzungu alipwe tatu ya tano ya mshahara wa Mzungu. Taarifa ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyosema rangi isiwe kipimo cha mshahara. Karani angeweza kupata alama zote za karatasi, na zile mbili ya tano zisirudi.

Sasa nitawapeleka Marekani kidogo. Nawapeleka huko kwa sababu watu wa huko wamegombana juu ya mtihani huu hadharani kwa zaidi ya miaka mia, na kila tundu ambalo haki hutorokea limekwisha onekana kwao.

Zamani Marekani chama kilichoshinda uchaguzi kiligawa kazi kwa watu wake, tangu mkuu wa posta hata tarishi. Mtu aitwaye Charles Guiteau aliamini kwamba anadai kazi ya ubalozi mdogo huko Paris, kwa kuwa alimfanyia kampeni Rais James Garfield. Hakupewa. Tarehe 2 Julai 1881 alimpiga Rais risasi katika stesheni ya gari la moshi mjini Washington, na Rais akafa mwezi wa Septemba. Kifo hicho kiliwaamsha watu, na Januari 1883 ikapitishwa sheria iitwayo Sheria ya Pendleton. Ilisema watu wachaguliwe kwa mtihani ulio wazi kwa wote, na maswali yawe juu ya kazi yenyewe. Tena ilisema mfanyi kazi asilazimishwe kutoa mchango kwa chama cha siasa ili asipoteze kazi. Mwanzoni sheria hiyo iligusa kazi moja tu katika kila kumi. Ilipanuliwa polepole.

Namna ilivyofanya kazi ni hii. Kwanza tangazo hutoka: kazi gani, mshahara gani, nani aruhusiwa, mtihani lini. Watu huandika majina. Siku ya mtihani mtu hutumia namba, si jina, ili msahihishaji asijue anasahihisha karatasi ya nani. (Wachina walilijua hilo zamani sana. Katika mitihani yao ya kifalme makarani waliinakili upya kila karatasi, ili hata mwandiko wa mkono usitambulikane.) Baada ya kusahihisha, waliopita hupangwa katika orodha, mwenye alama nyingi juu. Aliyetumikia jeshi wakati wa vita aliongezewa alama tano, na aliyeumia vitani kumi. Kisha ofisi inayotaka mtu huandika kwa Tume, na Tume hupeleka majina.

Hapo ndipo pa kutega sikio. Kwa miaka mingi Tume haikupeleka jina moja. Ilipeleka matatu ya juu, na mkuu wa ofisi akachagua mmoja katika hao watatu. Kanuni hiyo iliitwa kanuni ya watatu. Waliyoitetea walisema alama si kila kitu, mkuu wa ofisi naye aweze kupima mtu. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, mimi sikatai. Lakini mwaka 1914, wakati wa Rais Woodrow Wilson, ikaamriwa kwamba kila anayeomba kazi abandike picha yake. Mwaona sasa? Mtihani ulikuwa wa haki, msahihishaji hakujua jina, orodha ilikuwa sawa. Kisha yaletwa majina matatu mezani pamoja na picha tatu. Mtu mweusi awe ndiye wa kwanza, mkuu wa ofisi ampita na kuchukua wa pili, wala hakuvunja sheria hata moja. Picha hizo hazikuondolewa mpaka mwaka 1940.

Ndugu zangu, nimekisoma kisa hicho mara nyingi na kila mara naona faili langu kabatini. Ubaya haukuwa katika chumba cha mtihani. Ulikuwa katika njia iliyo kati ya orodha na barua.

Liko na tundu jingine, nalo li ndani ya karatasi yenyewe. Katika jimbo la North Carolina palikuwa na kampuni ya umeme iitwayo Duke Power. Si ofisi ya Serikali, lakini shauri lake lilikuja kugusa mitihani ya waajiri wote. Weusi waliwekwa katika idara ya vibarua tu, ambako mshahara wa juu kabisa ulikuwa chini ya mshahara wa chini wa idara nyingine. Sheria mpya ya kukataza ubaguzi kazini ilipoanza kutumika mwezi wa Julai 1965, kampuni ikaweka masharti mapya: atakaye kuhamia idara bora awe na cheti cha sekondari, au apite mitihani ya akili. Mitihani hiyo haikuuliza juu ya makaa ya mawe wala mitambo waliyokuwa wakiifanyia kazi. Wazungu waliokuwa katika idara zile bila cheti waliendelea na kazi vizuri tu. Wafanyi kazi weusi kumi na watatu, mmoja wao Willie Griggs, wakashtaki. Mwezi wa Machi 1971 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwa sauti moja kwamba mtihani unaowazuia watu wa kundi fulani ni lazima uwe na uhusiano na kazi inayofanywa, hata kama mwajiri asema hakuwa na nia mbaya.

Mimi naliweka shauri la Griggs juu ya hotuba nyingi za wakubwa. Lilianzishwa na wafagiaji.

Turudi kwetu. Wengi hudhani kwamba Kenya iko mtihani mmoja mkubwa wa kuingilia kazi ya Serikali. Hakuna. India wanao: una karatasi za kuchuja, kisha karatasi za kuandika zenye alama 1,750, kisha mahojiano yenye alama 275. Jumla ni 2,025. Angalieni uzito huo. Mwenye ulimi mtamu hawezi kwa mahojiano peke yake kuwapita wote walioandika vizuri. Kwetu Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi, watu huomba, wanachujwa kwa vyeti vyao na muda waliotumika, kisha wachache huitwa kwa mahojiano. Wasaili hutia alama katika karatasi zao, na alama hizo zikijumlishwa ndiyo orodha. Maana yake ni kwamba jambo ambalo India ni sehemu ndogo, kwetu mara nyingi ndilo mtihani wenyewe. Mimi sioni vema. Chumba chenye watu watano na meza moja hakiwezi kulingana na karatasi yenye namba.

Mitihani tuliyo nayo sana ni ya walio kazini tayari. Makarani wana mtihani wao wa ustadi, maofisa wa utawala wana wao. Dereva wa Serikali hatakiwi leseni tu. Hutakiwa awe amepita mtihani wa kufaa wa madereva, na cheti cha huduma ya kwanza. Akitaka kupanda, kuna mitihani ya ngazi, tangu ya tatu hadi ya kwanza. Fundi, awe seremala, mwashi, fundi wa bomba au wa umeme, ana mtihani wa ufundi wa Serikali, nao vilevile huanza ngazi ya tatu na kuishia ya kwanza. Mpiga chapa huhesabiwa maneno kwa dakika. Mitihani hii ya mikono naipenda. Bomba likivuja mbele ya mtahini, limevuja, hakuna maneno. Ni mitihani ambayo Griggs na wenzake wangeikubali.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 232, yasema watu waajiriwe na kupandishwa kwa mashindano ya haki na kwa ustahili. Hapo hapo yasema pia kwamba jamii mbalimbali za Kenya ziwakilishwe, na kwamba wanaume, wanawake, makabila yote na watu wenye ulemavu wapate nafasi ya kutosha. Baadhi ya ndugu hunung'unika wakisema maneno hayo mawili yanapigana. Mimi nasema hayapigani ikiwa orodha yaonekana. Kama mtu wa nne alichukuliwa mbele ya wa tatu kwa sababu fulani ya Katiba, na iandikwe sababu hiyo, isomwe, wa tatu ajue. Ikifichwa, kila mtu atasema ni ukabila, na mara nyingi atakuwa na haki ya kusema hivyo.

Basi mwanachama afanye nini? Kabla ya mtihani, soma tangazo lote mpaka mstari wa mwisho, na uweke nakala yake. Kuomba kazi kwa Tume hakulipiwi, kwa hiyo ye yote anayekutaka pesa ili jina lako liingizwe ni mwizi, hata akiwa amevaa tai. Siku yenyewe, soma maagizo kabla ya maswali. Mmekwisha sikia yaliyonipata.

Baada ya mtihani ndipo wengi wetu hulala. Usilale. Omba alama zako kwa maandishi. Iko Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, nayo yaitaka ofisi ya umma ikujibu katika siku 21. Ikiwa uamuzi umekuumiza, kama umepita na hukupandishwa, iko Sheria ya Utendaji wa Haki wa mwaka 2015, nayo yakupa nafasi ya kutaka sababu kwa maandishi. Andika jina lako, namba ya kazi, tarehe ya mtihani, na unalolitaka, basi. Usitukane mtu katika barua. Usiulize alama za jirani yako, hizo ni zake. Uliza zako, na uliza ulikuwa wa ngapi. Toa nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa ofisi siku unapoipeleka, ukae nayo. Barua isiyo na muhuri ni kama hukuandika. Siku 21 zikipita kimya, mlete katibu nakala yenye muhuri, naye atajua pa kwenda.

Sasa natoa nafasi ya maswali.

(Yalikuwako maswali mengi. Twaweka mawili.)

Ndugu mmoja dereva aliuliza: "Mimi nilipita ngazi ya pili miaka mitatu iliyopita. Naambiwa hakuna nafasi. Je, mtihani wangu umeoza?"

Jibu: Mtihani hauozi, ndugu, lakini haulazimishi nafasi kuwako. "Hakuna nafasi" yaweza kuwa kweli na yaweza kuwa uwongo. Uliza kwa maandishi idara yako ina nafasi ngapi za ngazi hiyo na ngapi zimejazwa, na kama zimejazwa, zilijazwa lini. Ikiwa mtu alipandishwa baada ya tarehe ya cheti chako, hapo tuna maneno. Ikiwa hakuna aliyepandishwa, tatizo ni hesabu ya nafasi, na hilo ni la kupelekwa na chama kwa madereva wote, si lako peke yako.

Mama mmoja anayefanya usafi wa ofisi aliuliza: "Nina miaka arobaini na minane. Mimi hupanga mafaili wakati karani yuko likizo. Je, yanifaa nijaribu, au nitachekwa?"

Jibu: Mama, kwanza tutazame vyeti vyako, maana kazi ya karani yataka alama fulani za mtihani wa sekondari, na nisingependa utumie pesa za kitabu kabla hatujajua. Kama cheti unacho, twende mbele. Kama huna, iko njia ya kufanya mtihani wa sekondari kama mtahiniwa wa binafsi, na wapo wakubwa kuliko wewe wanaoufanya. Kuhusu mafaili, kila unapoyapanga mwombe mkuu wako akuandikie kwamba umefanya kazi hiyo, tangu tarehe gani mpaka tarehe gani. Leo kazi hiyo haijaandikwa po pote. Njoo na vyeti siku ya Alhamisi baada ya saa kumi na moja, katibu atakuwako ofisini, nami pia.